Mgongo wa Mwaisha

Soko la Morogoro lilikuwa limefurika asubuhi ile Rehani alipokanyaga kabichi za Mwaisha. Ulikuwa mwaka wa arobaini na saba, kipupwe kimeingia, ukungu wa Uluguru haujainuka. Rehani, askari aliyerudi kutoka vitani Burma, alivaa koti zito la jeshi. Mwaisha alijitanda kaniki mpaka masikioni.

"Huna macho?" Mwaisha alifoka. Alijaribu kuinuka, akashika kiuno, akarudi chini ameuma meno.

"Unaumwa mgongo, dada?"

"Naumwa na wewe. Ondoa kiatu chako."

Rehani alizinunua zote zilizopondeka. Siku ya soko iliyofuata alirudi, na nyingine tena, akitukanwa kila mara, mpaka akayajua yaliyomsibu. Mwaisha alianguka mlimani na mzigo wa kuni, na waliomchumbia wakajitoa. Hawaoi, walisema, mwanamke asiyeweza kujitwisha maji.

"Hata mimi nilibebwa kwa machela," Rehani alimwambia. "Hospitalini India, Mhindi mmoja akanifundisha kujinyoosha na kupumua. Wanaita yoga."

"Uchawi huo."

"Basi uchawi huo ndio ulionisimamisha."

Uani kwa shangazi yake Mwaisha, mtaa wa Mwembesongo, shangazi mwenyewe akiwatolea macho, Rehani aliinama, akalala kifudifudi, akainua kifua kama nyoka.

"Fanya alfajiri, hujatia kitu tumboni."

"Ukinidanganya, nitakuchoma moto na koti lako."

Lakini alimtazama kwa muda mrefu kuliko hasira yake ilivyohitaji.

Huko kwao milimani, alfajiri ya Julai, majani yalikuwa yameloa na pumzi ilitoka kama moshi. Mwaisha alitandika mkeka nje, miguu mitupu, akainama kwa nguvu zake zote. Mgongo ukakaza. Alipiga yowe, na kaka yake Hatibu akamkokota ndani.

Rehani alipomkosa sokoni alipanda mlima. Hatibu alimkuta mlangoni, panga mkononi.

"Ndiye wewe uliyemlemaza dada yangu?"

"Mwache aingie!" Mwaisha alipaza sauti kutoka ndani. "Nataka kumtukana mwenyewe."

Rehani akaingia. Mwaisha alikuwa amelala ubavu, uso umemsinyaa.

"Wanaume wenzako walinikimbia tu. Wewe nilikuamini, ukanivunja."

"Ulifanyia wapi?"

"Nje. Alfajiri. Kama ulivyosema!"

Rehani alichuchumaa. "Nimekosea, Mwaisha. Nilifundishwa kwenye joto. Kule mtu anaamka mwili umeshalegea. Hapa unaamka umeganda."

"Ndiyo unajua leo?"

"Ndiyo najua leo."

Hakushuka. Aliomba hifadhi kwa jirani, na maumivu yalipopungua akaanza upya. Alingoja jua lipande. Mkeka ukatandikwa ndani, karibu na moto, Mwaisha akiwa amefunikwa blanketi mgongoni. Kwanza kusugua viganja, kuzungusha mabega, kukunja na kukunjua miguu polepole hadi damu ichangamke. Kuinama kukawa nusu tu. Mkao wa nyoka ukaachwa kabisa. Mwishoni alilala amefunikwa gubigubi, jasho lisimpoe mwilini. Hatibu alikaa mlangoni akiwalinda, panga magotini.

"Pumua," Rehani alisema.

"Unadhani nafanya nini tangu nizaliwe?"

"Polepole, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Hatibu, umemsikia?"

Kipupwe kilipokuwa kinaisha, Mwaisha alitembea mwenyewe hadi mtoni na kurudi. Jioni hiyo Rehani akapeleka posa kwa Hatibu.

"Wa nini?" Hatibu alimkejeli. "Huyu habebi mzigo tena."

"Sitafuti mpagazi."

"Na mimi sijaulizwa," Mwaisha alidakia.

Rehani akamgeukia. "Utanikubali?"

"Nakuchukia." Macho yalimjaa machozi. "Kila siku nilitafuta neno la kukufukuza. Na kila jua lilipoingia mlangoni, nilitega sikio kama unakuja. Kwa hilo nakuchukia sana, Rehani. Nenda kalete wazee wako."

Hatibu alisonya, akalitupa panga pembeni.

"Mchukue. Akivunjika tena, usinirudishie."

"Sirudi," Mwaisha alisema, akamsogezea Rehani kigoda karibu na moto.