Dawa Mbili Katika Choo Kimoja

Majirani walimwita Kioo. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, lakini sifa yake ilikuwa usafi wa nyumba yake mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi alikunja suruali, akashika ndoo na brashi. Mkewe alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni. Kioo akifika kwake na deki, mkewe aliinua miguu, akaishusha, akaendelea kushona.

"Leo umetia dawa ngapi?" mkewe aliuliza, kitambaa kikiwa puani.

"Tatu tu. Ya sakafu, ya sinki na ya madirisha. Nyumba isiyonuka dawa haijasafishwa."

Mkewe alikuwa na pumu. Miezi ya karibuni kifua kilimbana karibu kila Jumamosi. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Kioo naye alidhani hivyo hivyo, kwa hiyo akazidisha dawa.

Jumamosi moja doa la kahawia lilikataa kutoka chooni. Kioo alimwaga tindikali ya choo. Doa likakaa palepale. Akachukua dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, akaimwaga juu ya tindikali. Aliona kwamba moja ikishindwa, mbili zitasaidiana.

Hewa kali ilipanda, ikamchoma macho na koo. Alitoka akikohoa na kupapasa ukuta. Alipofika sebuleni aligundua kwamba cherehani imenyamaza. Mkewe alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Kifua chake kilipiga mluzi. Alitaka kusema neno, likakwama.

Jirani wa mlango wa pili alisikia kikohozi, akaja mbio. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyesimamia usafi hospitalini kwa miaka ishirini. Wote walimwita Shangazi.

"Mtoe nje," alisema.

"Ngoja nikafunge choo kwanza."

"Usirudi huko, baba. Acha milango wazi. Mlete mkeo penye hewa."

Walimkalisha uani, mgongo wima. Shangazi aliuliza dawa yake ya kuvuta iko wapi. Mgonjwa alionyesha mfuko wa aproni. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Haikutosha. Jirani mwenye gari aliwapeleka zahanati, na huko mgonjwa aliwekewa hewa ya oksijeni hadi alasiri.

Kioo alikaa kwenye benchi akitazama viganja vyake.

"Shangazi, nimekaribia kumuua mke wangu kwa kusafisha choo."

Shangazi hakumbishia. "Hukujua. Sasa ujue. Klorini ikikutana na tindikali, hutoa hewa ya sumu. Hata siki ni tindikali. Hata ndimu. Klorini haichanganywi na kitu chochote ila maji."

"Na zile nyingine zangu tatu?"

"Harufu kali humsumbua mwenye pumu, hata usipochanganya. Halafu harufu siyo usafi. Hospitalini tuliwafundisha wafanyakazi wapya jambo hilo siku ya kwanza."

Siku ya tatu, mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani, Shangazi alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni, chupa ya siki na pakiti ya magadi soda, ule unga mweupe wanaolainishia maharagwe.

Kioo alichungulia. "Shangazi, tunasafisha au tunapika?"

"Keti usikilize."

Alikwaruza sabuni kwa kisu, akaiyeyusha katika maji ya moto. "Hii inatosha kwa sakafu na vyombo." Alikoroga magadi soda na maji kidogo mpaka yakawa kama uji mzito, akasugulia sinki. Mafuta yakatoka. Kisha alilowesha kitambaa kwa siki, akakizungusha kwenye bomba lenye ukoko mweupe wa chumvi ya maji. "Acha nusu saa, kisha usugue. Siki hula ukoko. Ila usiimwage kwenye sakafu ya saruji, itaila nayo."

Mke wa Kioo alivuta mfuko wa vipande vya vitambaa chini ya meza. Siku zote alikuwa akivitupa. Alichagua vya pamba, akavipanga vitatu vitatu na kuvishona kingo. Vikawa vitambaa vizito vya kusugulia. "Nikimaliza kuvitumia nitavifua na kuvianika," alisema. "Sifongo za dukani basi."

Kioo alikuwa mwanafunzi mwenye haraka. Kesho yake alifikiri: kama siki ni nzuri na magadi soda ni mazuri, vikiwa pamoja si vitakuwa vizuri mara mbili? Akavitia katika chupa, akafunga kifuniko, akaiweka rafuni. Mara kifuniko kikafyatuka, kikagonga dari, na povu likamshukia kichwani.

Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi. Shangazi alipoletewa habari, naye alicheka.

"Hiyo haina sumu," alisema, "lakini chupa ingeweza kukupasukia usoni. Na umepoteza vitu vyako bure. Vikikutana, kila kimoja kinaua nguvu ya mwenzake, unabaki na maji ya chumvi. Tumia hiki, suuza, ndipo utumie kile. Wewe na kuchanganya mnapendana sana."

"Naacha kuchanganya leo, Shangazi. Na klorini je, niitupe?"

"Ibakize, mbali na watoto. Mtu akiharisha humo ndani, siki haitaua vijidudu vya kutosha. Hapo ndipo klorini inapohitajika. Pima na maji kama chupa inavyosema, peke yake, dirisha wazi, mkeo akiwa nje."

Lile doa la chooni lilikuwa ukoko uleule wa maji, wenye kutu, nao ulihitaji muda ambao Kioo hakuipa tindikali. Kioo alilipaka siki, akaliacha mpaka asubuhi, akasugua. Ilimchukua Jumamosi tatu. Siku lilipokwisha, aliwaita mkewe na Shangazi waje kutazama choo, nao wakaja, wakatazama kwa heshima.

Mkewe hakuacha dawa zake za pumu. Daktari alimkataza kuziacha. Lakini wiki zilipita bila kifua kubana. Alimaliza sare za shule alizoagizwa, akapokea kazi nyingine.

Mwezi wa tatu tangu siku ile alirudi zahanati na mumewe ili apimwe. Muuguzi alisikiliza kifua mbele na nyuma, akavua kipimo chake masikioni.

"Kimetulia," alisema. "Daktari alikuongezea dawa gani?"

"Hakuongeza," alijibu mke wa Kioo. "Mume wangu ndiye aliyepunguza."

Muuguzi alimgeukia Kioo, kalamu mkononi, akitaka kujua kapunguza nini. Kioo alivuta kiti. Akaanza na ile Jumamosi ya choo, bila kuficha chochote.