Katani Nyeupe

Treni ya kutoka Tanga iliingia Korogwe asubuhi hiyo ya Machi 1975 ikiwa imechelewa saa mbili tu, jambo lililowatia abiria hofu kwamba huenda saa ya stesheni imeharibika. Katika msukumano wa kushuka, kati ya matenga ya samaki wakavu na magunia ya nazi, mwalimu mmoja kijana alikuwa anahangaika na debe lenye mfuniko uliotobolewa matundu. Alivaa blauzi ya kijani na sketi iliyovuka magoti kwa kiasi ambacho hata walinzi wa maadili wasingepata la kusema, na nywele zake zilisukwa twende kilioni. Jina lake Lea Semboja, binti wa Lutindi, mwalimu wa sayansi katika shule ya bweni ya wasichana pale mjini.

Debe liliyumba, likamwagikia suruali ya bugaluu, ile inayopanuka miguuni. Suruali ilikuwa mpya, na ndani yake alikuwamo Mhina Sadala, fundi wa pampu kutoka Handeni, aliyekuja kupokea mabomba.

"Dada, umenimwagia maji."

"Samahani, kaka. Hayo si maji, ni bahari."

Mhina alichovya kidole pajani pake, akaonja mbele za watu. Kwa mtu wa Handeni, ambako maji ya kunywa hufuatwa mbali kwa punda, kumwona mtu mwenye akili timamu amepanda treni na debe la maji yasiyonyweka ni jambo linalodai maelezo. Aliyadai. Maelezo yalichukua njia nzima hadi shuleni, na aliyebeba debe ni yeye.

Ndani ya debe mlikuwa na samaki wanne wadogo wenye mistari. Lea alitaka wasichana wake, ambao wengi hawakuwahi kuiona bahari, waione ikiwa hai ndani ya sanduku la kioo lililosahauliwa maabara. Kioo kilikuwapo, samaki walikuwapo. Kilichokosekana ni chujio, maana samaki huchafua maji yao wenyewe, na maji ya bahari hayachotwi Korogwe. Mhina, ambaye alikuwa amewajengea watu wa vijijini machujio mengi kuliko alivyokula sikukuu, alisema kazi hiyo ni ndogo. Wanaume husema hivyo wakiwa wamependa.

Walilijenga kwa Jumamosi sita, na muda huo wote treni ikawaletea samaki debe la maji mapya ya bahari kila wiki. Walichukua ndoo ya plastiki, wakaitoboa chini, wakapanga changarawe, kisha mchanga wa matumbawe kutoka Tanga, kisha mkaa uliopondwa, na juu kabisa tabaka la katani iliyochemshwa ili inase uchafu. Ndoo ilikaa juu ya sanduku. Kuyapandisha maji hadi kwenye ndoo bila umeme ndiko kulikomfanya Mhina ajione mtu mkubwa: alijaza upepo katika mpira wa ndani wa tairi la lori kwa pampu ya baiskeli, akautoa kidogokidogo kwa mrija mwembamba hadi chini ya bomba lililosimama majini. Mapovu yalipanda na maji yakapanda nayo. Mpira ulihitaji kupampiwa mara kwa mara, kwa hiyo kupampu kukawekwa katika orodha ya adhabu za shule. Katika wiki ya kwanza makosa ya utovu wa nidhamu yaliongezeka maradufu, kwa sababu kila msichana alitaka kuadhibiwa. Samaki walichaguliwa kwa kura ya siri kuwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Mjumbe. Mweka Hazina ndiye aliyekula chakula cha wenzake.

"Mikono yako inanuka dagaa, mwalimu wangu," Mhina alisema siku moja, vidole vyao vikiwa pamoja ndani ya beseni la mchanga.

"Na yako inanuka grisi. Tukioana, wageni watatupisha njia bila kuombwa."

Neno hilo la kuoana lilikuwa la utani, lakini wote wawili waliendelea kuosha mchanga ambao ulikuwa umeshatakata tangu zamani.

Baada ya mwezi mchanga ulipata utando wa kahawia. Mhina alitaka kuusugua. Lea alimshika mkono, akamweleza kwamba utando ule ni viumbe, na ndivyo vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki. Kuviua ni kuua chujio lenyewe. Akamwapisha, nusu kwa mzaha, kwamba hatatia kitu chochote mle bila kumweleza kwanza. Mhina akaapa kwa jina la bibi yake.

Katikati ya wiki walipigiana simu kupitia posta. Mtu wa simu pale Korogwe, Bwana Salimu, aliyasikiliza mazungumzo yao kwa uaminifu, na yaliponoga alikohoa. Kwa simu hiyohiyo, mwezi Juni, Lea alimwambia Mhina habari kubwa: mkaguzi wa Wizara angekuja Jumanne kuiona bahari ya Korogwe. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kusomea viumbe vya baharini, na mkaguzi ndiye mwenye kupendekeza jina. Tangu utotoni Lea hakuwahi kutaka kitu kingine. Lakini mama yake alikuwa anaumwa, ilimlazimu kupanda Lutindi Ijumaa. Je, fundi angekuja kulinda?

Fundi alikuja. Jumamosi akayakuta maji yametibuka kama maji ya kuoshea mchele. Lea yuko mlimani, simu hakuna, na Jumanne inakuja. Sasa, kwa fundi wa maji wa Handeni maji yaliyotibuka yana jibu moja tu, nalo limo katika mkebe ndani ya mfuko wake: dawa nyeupe ya unga ya kuua vijidudu majini, ile ambayo imeokoa watoto wengi na tumbo la kuhara. Alitia vijiko viwili juu ya katani, palipoonekana pachafu zaidi. Kisha akakaa, ameridhika, akingoja kusifiwa.

Kufika Jumapili asubuhi, kamati nzima ilikuwa inaelea ubavu.

Mhina alifungua madirisha harufu itoke. Lea alipoingia saa tisa, bado ana vumbi la njia, alisimama mbele ya kioo muda mrefu.

"Mhina, ulitia kitu?"

Hapa palikuwa na mlango wa kusema kweli, wazi kabisa. Mhina aliutazama, akaupita.

"Sikutia. Nimewakuta hivi." Na kwa kuwa uongo ni mpweke, akautafutia mwenzake: "Labda Ijumaa ulizidisha chakula."

Lea alifikiri. Ijumaa alikuwa na haraka, akiwaza mama yake. Huenda kweli alizidisha. Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Bibi Grasiana, akasema amewaua samaki kwa uzembe wake. Jumanne mkaguzi aliangalia maji matupu, akaandika kitu kifupi, akanywa chai. Nafasi ya Dar es Salaam alipewa mtu mwingine.

Mhina alimbembeleza kila siku ya simu. Alimwita mpenzi, akamwambia hata madaktari hukosea. Wiki ya pili wajomba zake walipeleka barua ya posa Lutindi, na Mzee Semboja aliipokea vizuri, akasema mambo ya msikiti na kanisa yatazungumzwa watu wakishakula. Jibu atalitoa binti mwenyewe. Binti alikuwa ameshalitunga jibu kichwani, na lilikuwa zuri.

Jumamosi moja kabla ya kuliandika, Lea aliamua kulifufua chujio. Alifungua ndoo. Katani ambayo aliiacha ikiwa ya kahawia, yenye utelezi, ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama shuka za hospitali. Aliinusa, ikanuka dawa ya kusafishia maji, akakaa chini sakafuni. Hakuna chakula cha samaki, hata kizidishwe vipi, kinachoweza kuifanya katani iwe nyeupe.

Alikwenda posta akaomba simu ya Handeni.

"Mhina, nimefungua ndoo. Katani imekuwa nyeupe."

Bwana Salimu alitangaza kwamba dakika tatu zimekwisha.

"Ongeza," Lea alisema.

"Nilitaka maji yang'ae," Mhina alisema mwishowe. "Nilitaka ufurahi. Halafu niliogopa."

"Samaki ningekusamehe siku ileile. Ningelia, ningekutukana kwa Kishambaa, tungekwenda kula. Lakini uliniacha niende kujishtaki kwa kosa lako, kisha ukanipigia simu kunipa pole."

Bwana Salimu hakukohoa.

Jumatatu Mhina alisimama kwenye paredi, mbele ya wasichana mia tatu, akayasema yote kuanzia kijiko cha kwanza. Hakuna aliyecheka, na hao ni wasichana waliowahi kucheka msibani. Bibi Grasiana aliiandikia Wizara. Jibu la Wizara lilikuwa la heshima: mwaka huu nafasi imekwisha.

Siku ileile ya paredi, Mhina alimkuta Lea barazani.

"Na barua yetu?" akauliza. "Wajomba wanangoja."

"Nimekusamehe, Ndugu Mhina," Lea alisema, na hilo neno ndugu, ambalo nchi nzima ililitumia kwa upendo, lilimchoma. "Lakini nikiishi nawe nitakuwa nafunua kila sufuria kuangalia rangi. Hayo si maisha ya ndoa, hayo ni ukaguzi. Waambie wajomba jibu ni hapana, nami nitamwambia baba."

Mhina akasema kwaheri, akaondoka.

Lea alingoja barazani mpaka basi la Handeni lilipopiga honi, kisha akaingia kidato cha tatu kufundisha ini la chura. Alifundisha vizuri, ila ubaoni aliandika tarehe ya jana. Na darasa lile, ambalo halikuwahi kumsamehe mwalimu hata nukta, liliinakili vilevile, mstari kwa mstari, bila mtu kunyoosha kidole.