Bakuli la Akiki

"Afande, Peugeot nyeupe imepita Busiu!"

"Usipoteze hiyo gari, Nulu," Kapteni Otim alijibu redioni. "Mimi niko Mbale."

Nulu alikanyaga mafuta. Suzuki iliruka mashimo yaliyochimbwa na mabomu. Alikuwa jasusi aliyeiva, lakini jasho lilimlowanisha viganja hadi usukani ukateleza.

Kando yake Yakub, mchonga vyombo vya mawe wa Jinja, alikuwa akisoma dua.

Alikuwa amesaga jiwe la akiki miezi mingi, hadi likawa bakuli jembamba la kupenyeza mwanga. Mteja wake Geresom, mwenye ile Peugeot, alisema ni zawadi ya mapatano ya waasi na serikali. Akataka kitako kinene, chenye uwazi ndani na kifuniko cha kuzungusha. Asubuhi ile Yakub alimchungulia akishindilia baruti humo, akakimbilia kwa Nulu.

Geresom alikuwa dalali wa wauza silaha wa ng'ambo. Amani ingewafilisi.

"Atalipua na nini, mzee?"

"Karedio kadogo, binti yangu. Iko mfuko yake."

Mbale.

Nulu aliingia mbio ukumbi wa mapatano. Wakuu wa pande zote mbili walikuwa wameketi. Bakuli liling'aa mezani, jekundu kama kaa la moto.

Geresom hakuwemo.

Dirishani alimwona akienda zake getini. Akipigiwa kelele, atabonyeza. Akipigwa risasi isimuue papo hapo, atabonyeza.

Nulu alilinyakua bakuli.

"Samahani wazee. Chombo kina ufa."

Akatoka nalo, amelikumbatia kifuani.

"Bwana Geresom! Umesahau zawadi yako."

Geresom aligeuka, kidole juu ya kitufe cha karedio. Nulu alikuwa ameshamfikia. Pumzi zao zilikutana.

"Bonyeza," Nulu alinong'ona.

"Wewe mwanamke una wazimu!"

"Bonyeza, twende wote."

Geresom alirudi hatua moja; Nulu akamfuata. Nulu alifumba macho, akamwona mama yake.

Mlipuko haukuja.

Alipofumbua, Kapteni Otim, aliyenyemelea kutoka getini, alikuwa ameukamata mkono ule kwa nyuma, amemchomekea Geresom bastola ya Makarov ubavuni. Karedio kalikuwa chini.

Yakub alishuka garini, akazungusha kifuniko cha kitako kikafunguka. Nulu akakata nyaya kwa kisu chake cha Victorinox.

"Umeogopa, Nulu?" Otim aliuliza.

"Rudisha bakuli mezani, Afande. Wazee wanangoja."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, mtu asije akamsoma macho, akaondoka akitembea polepole.