Sauti Iliyoita Mara Moja

Jioni ile nilitoka kwenda uani kuanua nguo. Ilikuwa Juni, na hapa Penrith, mji wa ughaibuni tulikohamia, mwezi Juni giza huingia kabla watu hawajashuka kwenye treni. Mke wangu, Kokushubila, alikuwa bado kazini Parramatta. Ndani alikuwepo binti yetu Diane, mwenye miaka minane. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Ndivyo tunavyoishi.

Jirani yetu Anésie, mama wa Kirundi, naye alikuwa anaanua nguo zake upande wa pili wa uzio.

"Baba Diane, yule jambazi wako umeshamkamata?"

"Bado. Amekufa zamani, mama, zaidi ya miaka mia."

"Basi hakimbii huyo. Wewe ndiye mzembe!"

Tulicheka.

Dar es Salaam nilikuwa mwandishi wa habari. Hapa napekua magazeti ya kale kwenye kompyuta kwa niaba ya wateja. Safari hii mteja alikuwa Adrien, mwandishi wa vitabu wa Marekani. Alitaka kila kilichochapishwa kuhusu Mwapache mmoja, mwenyeji wa asili wa Arizona, zama za walowezi wa Kizungu. Jina lake sitaliandika. Nimesoma kwamba watu wake hawakuwa wakitaja ovyo majina ya wafu.

Magazeti yalimbebesha kila kosa. Ng'ombe wakiibwa, ni yeye. Asubuhi hiyohiyo mtoto akipotea mwendo wa siku nyingi kutoka hapo, ni yeye pia. Yaliandika ameuawa, kisha yakaandika ameonekana. Sikupata shahidi hata mmoja aliyesema alimwona ameshika mtoto.

Nilirudi mezani. Habari ya mwisho ilikuwa fupi. Mlowezi mmoja alisimulia kwamba wakati wa magharibi binti yake aliitwa kutoka nje kwa sauti ya mama yake. Akatoka, asionekane tena. Mama yake alikuwa jikoni muda wote. Yule Mwapache alionekana kilimani akipiga kelele, wakamfyatulia risasi. Mstari wa mwisho kabisa, ule ambao mhariri huukata nafasi ikibana, ulimnukuu mkalimani: alikuwa anawaambia wasiitike.

Nikaisoma tena, kwa sauti. Chumba cha habari kilinifundisha hivyo. Jicho huruka kosa, sikio haliruki. Nilitamka jina la yule Mwapache. Nilitamka na maneno yaliyomtoa yule binti nje: njoo unisaidie kubeba.

Kwetu Bukoba mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa gizani, usiitike mpaka uitwe mara ya pili. Mtu huita tena. Kile kingine huita mara moja tu.

Diane sikumfundisha. Nilidhani ni mambo ya kule.

Mbwa wa Anésie aliacha kubweka.

Ikaja harufu ya vumbi lililoguswa na mvua. Nje kulikuwa kukavu.

"Diane... njoo unisaidie kubeba."

Sauti ya Kokushubila. Ilitoka uani, si mlango wa mbele.

"Coming, Mum!"

Simu yangu ilitetemeka mezani. Ujumbe wa mke wangu: *Treni imechelewa, bado niko Parramatta. Mpe mtoto chakula.*

Nilimfikia Diane ameshashika kitasa. Nikamziba mdomo. Tukasimama hivyo.

Hakuna aliyeita tena.

Kisha, kwa mbali, mwanamume akapaza sauti. Maneno ya haraka, lugha nisiyoijua. Kitu kizito kikasogea kwenye nyasi... kikatulia... kikaenda zake.

Asubuhi Anésie alikuwa kwenye uzio. Hakutania.

"Ulimsikia yule mwanamume?" nilimuuliza.

"Nilisikia wote wawili. Nikanyamaza." Akashusha sauti. "Mtoto aliitika?"

"Aliitika."

"Basi sauti yake kinayo."

Nilimwandikia Adrien kwamba ushahidi unamsafisha mtu wake, na mstari wa mkalimani ndio habari yenyewe. Alijibu siku hiyohiyo. Wasomaji wanataka muuaji, alisema. Mstari ule ameukata.

Sikubishana. Nilimpikia Diane uji. Nikamfundisha kanuni ya Bukoba, naye akasikiliza bila kuuliza kitu. Nguo siku hizi naanua mchana.

Jana jioni tulikaa kwenye kochi, tunamsubiri mama yake. Mbwa wa Anésie alinyamaza. Harufu ya vumbi ikaingia chini ya mlango. Nikasikiliza kama yule mwanamume atapiga kelele.

Safari hii hakukuwa na mtu.

"Baba... njoo unisaidie kubeba."

Sauti ya Diane, kutoka uani. Kiswahili safi, laini, kile nilichomsihi azungumze miaka yote hii.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Diane, aliyekaa kando yangu, akainua mkono na kuniziba mdomo.