Limuzini ya Papa Mukendi

Saa ya watu kutoka kazini, katikati ya msongamano wa stesheni ya treni ya Gare du Nord, Elineema alikuwa amebeba mlango wa gari begani, na alijiona ana akili timamu kabisa. Alipogeuka kutafuta basi la Evere, mlango ukamvua mtu kilemba.

"Eh! Weye! Unavula bantu kitambaa na mulango ya motokari?"

Aliyefoka alikuwa mwanamke wa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, na sufuria kubwa ya karamu miguuni pake. Elineema alimwangalia hadi akasahau kuomba radhi.

"Samahani sana, dada. Mlango wa limuzini huu, ndiyo maana mrefu."

"Na limuzini yenyewe?"

"Nimeikata. Mbele nachukua injini na viti vyake, nyuma naweka ekseli na springi za lori. Nataka kupata kilori chepesi kinachobeba mzigo mzito bila kumuumiza dereva mgongo."

Akaangua kicheko. "Donc unaozesha patron, bosi mukubwa, na mubeba-mizigo! Na batoto yabo banatembea?"

"Wawili wa kwanza walinitia aibu," akakiri. "Mmoja breki zilimshinda, mwingine giaboksi ilipasuka. Natafuta wa tatu."

Jina lake Émérance, mzaliwa wa Lubumbashi, mpishi wa harusi za Wakongo wa mjini. Jioni hiyo Elineema alimbebea sufuria hadi kwao Laeken, mlango begani, sufuria mkononi. Mapenzi yakaanza hivyo, na simu zikawa hazikauki.

"Umekula, chéri?"

"Nimeshiba mafuta ya gia."

"Alors kuya. Niko na bukari na samaki."

Siku moja Émérance akamwekea ufunguo kiganjani. Baba yake, Papa Mukendi, alikuwa ndiye dereva wa maharusi: limuzini nyeupe, anapiga honi mara tatu mlangoni, bibi harusi anatoka. Tangu afariki, gari lilikuwa limelala kwenye banda kule Evere.

"Ifanye itembee tena," Émérance alisema, akainamisha macho.

Elineema aliyaona yale macho, akayafasiri alivyotaka. Kila Jumamosi alikuwa akimwona mpenzi wake akihangaika na masufuria kwenye tramu, na moyo ulimuuma. Akaamua: limuzini ile ndiyo itakuwa kilori cha tatu, kitakachofaulu, na siku ya kumkabidhi ndipo atamposa. Rik, rafiki yake mwenye malori chakavu, alizima grenda ya kukatia chuma akamuuliza, "Umemwambia?"

"Nikimwambia itakuwa zawadi gani tena?"

Laiti angemsikiliza Rik! Lakini aliwasha grenda mwenyewe.

Siku ya siku Émérance alikuja amevaa gauni jeupe, manukato yake yakashinda harufu ya rangi mbichi. Turubai likavutwa. Kilori kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha: pua pana nyeupe, taa zilizong'aa, nyuma bodi imara juu ya ekseli ya lori. Émérance alikizunguka polepole.

"Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Kile pale ukutani. Nilikitoa, hakina kazi."

"Hakina kazi." Akakisogelea kile kiti. "Papa alikuwa ananiambiaka, bibi-arusi ya mwisho atabeba ni miye. Amekufa. Nikasema bon, hata yeye hayuko, nitakaa mu ile kiti."

"Mpenzi, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwetu mwanamuke hachague motokari ya arusi mbele ya muntu kutuma bazee kwabo! Weye ndiye ulikuwa wa kuuliza."

Akaondoka. Simu zikaita bila kupokelewa, na Elineema akakonda kwa majuto. Mwishowe Émérance akapiga mwenyewe: "Naomba kiti. Ile tu."

Kiti kilikuwa kirefu mno, hakikuingia kwenye gari lolote isipokuwa kilori chenyewe. Basi wakakipakia, wakaenda Laeken kwa namba za majaribio, bega kwa bega. Kilori kiliteleza barabarani kwa ulaini, mzigo haukutikisika.

"Inatembea muzuri," alisema Émérance, akitazama dirishani, machozi yakimtiririka.

Walikishusha mbele ya nyumba, wakakaa juu yake pale pale kando ya barabara, wapita njia wakitabasamu.

"Émérance, nioe nikuombe radhi maisha yangu yote. Nitatuma wazee kesho."

Alichanganya maneno, kana kwamba yeye ndiye wa kuolewa, lakini hakucheka mtu. Émérance alipapasa ngozi ya kiti.

"Ungeuliza mbele ya kukata, ningeitika mbele ya weye kumaliza kusema."

"Na sasa?"

"Nakupenda. Ile si uongo. Lakini nikikaa na weye, utakata kila kitu yangu, halafu utaniambia ni cadeau, ni zawadi." Akainuka. "Nisaidie tukiingize."

Wakakiingiza ukumbini. Mlangoni Émérance alimshika mkono, akakawia kuuachia.

"Ukienda usipige honi, tafadhali. Ni ile ya Papa. Maman atazania wamekuya kunichukua."

Elineema akaingia kwenye kilori, akaliwasha lile dude alilolitengeneza vizuri kuliko yote, akaondoka polepole hadi kona ya mtaa, mikono yote miwili mbali na honi.