Mlinzi wa Kyuso Hakulala

Zombe, chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo. Alhamisi, saa kumi jioni.

Dirisha moja, limezibwa kwa gunia. Harufu ya dawa ya kupe ilikaba koo, lakini hakuna aliyethubutu kufungua mlango.

Walikuwa wanne. Kitonga, mwenye duka na mwenye mpango, alikalia mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Ngure, dereva, alisimama mlangoni akitafuna majani ya muguka. Evanson alikaa karibu na Kasyoka, goti kwa goti. Na Kasyoka alikuwa na laptop mapajani, maana bila yeye hakuna wizi.

"Anza," Kitonga alisema. "Na uongee lugha ya watu."

"Ghala la ndengu la Kyuso linaendeshwa na programu," Kasyoka alisema. "Tableti ya askari ikisema pakia lori hili, makuli wanapakia. Hawaulizi. Sasa, kila programu huja imefungwa ndani ya kontena."

"Mimi kontena najua zile za bandarini tu," Ngure alisema.

"Si mbali na hizo. Ikitaka kuingia kwenye mtambo, inasimamishwa mlangoni. Hapo kuna mlinzi, kwa jina la kazini admission webhook. Anauliza: umetoka wapi? Nani amekutia sahihi? Unataka kushika nini humu ndani? Akiridhika, anaandika jina la mwenye sahihi na kufungua. Asiporidhika, unarudi ulikotoka."

"Huyo mlinzi aliwekwa na nani?" Ngure aliuliza.

"Na mimi."

Kitonga alicheka hadi machozi. "Fisi amepewa bucha!"

Kasyoka hakucheka. "Mlinzi akizidiwa na maswali, asijibu kwa sekunde kumi, kuna mstari mmoja unaoamua. Ukiandikwa Fail, kila kitu kinafungiwa nje. Ukiandikwa Ignore, kila kitu kinapita. Wetu ni Ignore. Wakubwa waliogopa malori yatachelewa msimu wa mavuno. Niliwaonya mara tatu, wakaniambia niache uoga."

"Kwa hivyo?"

"Jumapili saa nne na dakika arobaini namrushia mlinzi maswali elfu mia moja kwa mpigo. Anazimia. Kontena yetu inapita na amri ya kupakia malori matatu. Na mlinzi aliyezimia haandiki jina la mtu."

Ngure alitema muguka. "Na kutoka? Lile geti ni chuma, lina mota."

"Lori likifika getini, mtambo unaleta kontena ndogo. Inasoma namba ya gari, inafungua geti, inajifia. Nayo hupitia kwa mlinzi huyo huyo."

Jumapili haikuchaguliwa ovyo. Kanisa na ghala la Kyuso yanashiriki ukuta mmoja. Wakulima wenye ndengu huwa ndani wanaimba, na Pasta Mutunga haachilii watu kabla ya saa sita. Yvonne, fundi wa zamu, yuko kwaya, simu imelala mkobani. Saa sita kamili, malori yawe yameshafika mbali.

Walipotoka, Evanson alimshika Kasyoka mkono. "Hakuna atakayejua ni wewe."

"Na nikishikwa?"

"Hutashikwa, mpenzi. Si mimi niko?"

Mwezi wa Desemba Evanson alikuwa amepeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, kwa wazazi wa Kasyoka huko Kasikeu, posa ya watu wazima, mbele ya wazee. Mmoja alichinjwa siku hiyo hiyo. Babake Kasyoka, mtu asiyecheka hovyo, alicheka jioni nzima. Harusi ni Agosti. Kasyoka alijua ndengu ni za watu, alijua ni dhambi, na bado alikubali, kwa sababu aliyemwomba ni Evanson. Mapenzi ni upofu, jamani, tusidanganyane.

Jumapili, saa nne na dakika ishirini.

Kasyoka alikuwa peke yake chumba cha nyuma. Wengine walikuwa Kyuso na malori. Programu ya kumzidi mlinzi ilikuwa tayari. Ilibaki kubonyeza kitufe kimoja.

Saa nne na dakika thelathini na nane.

Simu iliita. Evanson.

"Imeingia!" Alikuwa anahema kwa furaha. "Makuli wameanza kupakia. Kazi safi, mpenzi!"

Kasyoka aliangalia kidole chake. Kilikuwa hewani.

"Evanson, sijabonyeza."

Evanson aliacha kuhema.

"Basi usibonyeze. Imepita yenyewe. Kaa hapo hapo Zombe, usizime laptop, usiende popote. Nitakuja kukuchukua."

Akakata.

Imepita yenyewe? Kwa mlinzi wake? Kasyoka aliunda kile kitu kwa miezi minne, na hakuna kinachopita pale chenyewe. Alifungua daftari la mlinzi. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, mweupe juu ya weusi. Kontena imekubaliwa. Sahihi: Kasyoka.

Mlinzi hakuzimia hata sekunde moja. Alikuwa macho, akauliza maswali yake yote, akaonyeshwa sahihi halali, akaandika jina.

Alitafuta ule mstari wa kuamua. Ulisomeka Fail. Umebadilishwa Ijumaa, saa tisa alasiri, kutoka kwa laptop yake mwenyewe.

Ijumaa saa tisa alikuwa Kasikeu kwa mamake, akichambua mbaazi. Laptop alikuwa nayo Evanson. Aliipeleka Wote ibadilishwe betri. Alirudi nayo jioni, na mkate, na maziwa, akambusu mama mtu mkono.

Ah! Kasyoka alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe hawakuhitaji ujanja wake. Ufunguo wa sahihi yake, uliokuwa ndani ya laptop, ulitosha kuingilia. Mstari ule nao ulibadilishwa kwa sababu mtandao wa Kyuso hauaminiki. Ungechechemea kidogo tu, mlinzi angechelewa kujibu, na kwa Ignore kontena ingepita bila jina. Evanson alitaka jina liandikwe. Kesho polisi wangefungua daftari, wakute jina moja, wamfuate binti mmoja na laptop yake katika chumba kinachonuka dawa ya kupe.

Alilia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na hakuna haja ya kumfichia aibu. Kisha akajipangusa kwa shuka la begani na kukaa wima.

Saa tano na dakika thelathini na mbili.

Malori mawili yamejaa, la tatu linamalizia. Kila kitu kilionekana kwenye skrini. Alipiga simu.

"Evanson, kuna kitu hujaniambia?"

"Kama nini, mpenzi?"

"Chochote. Niambie sasa hivi, nitakusamehe."

"Hakuna. Nakuapia kwa wale mbuzi wa babako."

"Sawa," Kasyoka alisema.

Saa tano na dakika arobaini na nne.

Lori la Ngure lilifika getini. Evanson alijua nusu ya kazi, na nusu ndiyo huua. Mstari ukisema Fail, mlinzi akizimia hakuna kinachoingia. Hata ile kontena ndogo ya kufungua geti.

Kasyoka alibonyeza.

Maswali elfu mia moja. Mlinzi alijibu, akajibu, akanyamaza. Kontena ndogo iligonga mlango wa mtambo, ikakataliwa. Ikagonga tena, ikakataliwa. Geti halikutikisika.

Saa tano na dakika hamsini na nane.

"Kasyoka!" Nyuma ya Evanson honi ililia, na Kitonga alikuwa anatukana. "Geti limekwama! Fanya kitu!"

"Ule mstari ulibadilishwa na nani?"

Kasyoka alisikia kwaya ng'ambo ya ukuta, sauti ya Yvonne ikiwa juu ya zote.

"Kitonga alisema lazima mtu mmoja abaki nyuma," Evanson alisema. "Mimi ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Nimekuuliza nikiwa nimetoka kulia."

"Kasyoka, tafadhali. Hao watu wanakaribia kutoka kanisani. Mpenzi, wataona magunia yao!"

"Wataona," alisema. "Na jina langu pia wataliona. Nimekubali."

Wimbo ulikoma. Viatu vingi vikasikika kwenye changarawe, vicheko vya watu waliotoka kuomba, halafu mzee mmoja akauliza kwa sauti kubwa ndengu zao zinapelekwa wapi siku ya Bwana. Ngure alianza kukimbia; Kitonga alisikika akimwita kwa jina. Kasyoka alikata.

Alimwandikia Yvonne: *Fungua mkoba. Ita polisi upesi, kabla watu hawajaua mtu. Mimi niko Zombe, sitoroki.*

Kisha akapiga Kasikeu. Babake alipokea simu ilipolia mara ya kwanza tu.

"Baba, wale mbuzi wa Evanson, wamebaki wawili?"

"Wawili. Mmoja ana mimba. Kwani kuna nini?"

"Warudishe kwao," Kasyoka alisema. "Na ununue mwingine, ulipe yule tuliyemla."