Vidonge Nusu kwenye Kopo la Vifungo

Kila Jumamosi asubuhi dada alikuja kumwona mdogo wake. Kabla hajavua viatu, alisimama mlangoni na kuuliza, "Figo yangu imeamkaje?"

"Imeamka salama," alijibu mdogo wake, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. "Na mimi pia nimeamka salama, kama unataka kujua."

"Wewe sikukuuliza. Wewe ni kabati tu, nimehifadhi mali yangu humo."

Walicheka. Mke wa mdogo wake naye alicheka huko jikoni, ingawa alikuwa ameusikia utani huo kwa mwaka mzima na nusu.

Mdogo wake dada alikuwa fundi wa kushona nguo. Zamani figo zake zote mbili zilikufa. Akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akakonda, kazi ikalala. Ndipo dada yake mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, alipopimwa akaonekana anafaa. Akampa figo moja. Madaktari wakaipandikiza, na fundi akarudi kwenye cherehani yake akipiga mluzi.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu. Dirisha lilikuwepo, lakini marobota ya vitambaa yalilifunika lote. Wakati huo shule zilikaribia kufunguliwa. Wazazi na watoto walijaa humo kupimwa sare, wamebanana kama sindano kwenye pakiti.

Redio ikatangaza kwamba korona imeanza kuenea tena.

"Fundi, pole," alisema mama mmoja aliyeleta watoto wake mapacha. "Nasikia hizo dawa zenu za figo zinashusha kinga ya mwili. Korona ikija itakukuta mlango wazi."

Fundi alicheka, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kesho yake alivitazama vidonge vyake. Akafikiri kama fundi anavyofikiri: nguo ikibana, unailegeza, ikipwaya, unaipunguza. Basi na dawa zipunguzwe kidogo mpaka korona ipite. Akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akakata kila kidonge katikati. Nusu moja akameza.

Nusu nyingine hakuitupa. Fundi mzuri hatupi kipande. Aliitia kwenye kopo la vifungo.

Siku ya tisa mkewe alihitaji kifungo cheupe cha shati. Akamimina vifungo mezani. Akaokota kimoja cheupe, akakigeuza, hakikuwa na matundu.

"Baba watoto, hiki nini?"

Fundi aliinamia kitambaa chake. "Kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha dawa. Nimepunguza kidogo tu. Usimwambie dada."

Mkewe hakubishana naye. Alitoka nje, akapiga simu. "Wifi, njoo. Mdogo wako amegeuza dawa za figo kuwa nguo, anazipunguza."

Dada alifika na ovaroli yake iliyotobolewa na cheche. Fundi alijiandaa kufokewa, lakini dada alivuta kiti, akakaa, akavitazama vile vidonge nusu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "mimi sikukupa nusu ya figo."

Fundi alivaa viatu, wakaenda kliniki wote watatu.

Nesi wa kliniki ya figo alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Alichukua damu ipelekwe maabara, kisha akawaketisha.

"Aliyekwambia dawa zinashusha kinga hakukudanganya," alisema. "Ila habari hakuimaliza. Fundi, mwili wako haujui undugu. Haujui kwamba dada ni dada. Ukiiona figo yake, unaona kitu kigeni, unataka kukishambulia. Dawa ndizo zinazouzuia. Ukizikata, mwili unaweza kuiharibu figo."

"Na korona je?" fundi aliuliza.

"Korona ni hatari kwako kuliko kwa wengi. Kinga yako iko chini, kwa hiyo ugonjwa unaweza kukulaza vibaya. Lakini huikimbii korona kwa kuitupa figo. Kiasi cha dawa anakibadilisha daktari peke yake, baada ya kuona damu yako."

"Kwa hiyo nimebanwa huku na huku."

"Hujabanwa, una kazi ya kufanya. Hebu nionyeshe unavyompima mteja."

Fundi aliona haya, lakini akatoa tepu mfukoni. Akasimama mbele ya nesi, akamzungushia shingoni, akainama asome namba.

"Simama hapo hapo," nesi alisema. "Unasikia pumzi yangu?"

"Naisikia."

"Na mimi naisikia yako, hata ulichokula nakijua. Korona inasafiri hivyo hivyo. Kwa siku unapima watu wangapi?"

"Msimu huu, hata thelathini."

Dada alijishika kichwa. "Na dirisha lake limezibwa na vitambaa."

"Na chanjo?" nesi aliuliza.

"Nilichanja mara moja," alisema fundi. "Nikaona yatosha."

"Kwako haitoshi. Mwili unaotumia dawa hizi hauipokei chanjo kwa nguvu kama miili mingine. Ndiyo maana tunawapa dozi za ziada. Na hawa wanaokuzunguka nao wachanje, ili wasikuletee ugonjwa nyumbani."

Mke wa fundi alikunja mkono wa gauni. "Nianze mimi. Huyu akiona sindano isiyo ya kushonea anazimia."

Jioni ile daktari alisoma majibu. Figo ilikuwa imeanza kulegea, lakini hawakuwa wamechelewa. Alimrudisha fundi kwenye kiasi chake kamili cha dawa, kwa saa ile ile kila siku, na kumtaka arudi kupimwa damu baada ya wiki moja.

Nyumbani kazi ilianza. Dada aliyahamisha marobota, dirisha likafunguka kwa mlio wa kulalamika. Benchi la wateja likapelekwa barazani. Kupima sasa ni kazi ya mke wa fundi, huko huko nje, naye fundi ndani anaandika vipimo.

"Kiuno, themanini na nane," mkewe alitangaza.

"Mama, punguza sauti," mteja alinong'ona. "Majirani wanasikia."

Mwenye kikohozi alirudishwa kwa upole, aje akipona. Mteja akiingia ndani, fundi alivaa barakoa. Mikono ilinawiwa kwa sabuni kabla ya chakula na baada ya kushika nguo za watu. Wako walionuna. Wengi walizoea, maana baraza lilikuwa na hewa nzuri kuliko kile chumba.

Baada ya miezi miwili, mke wa fundi aliamka na mafua na mwili kuuma. Hakusema ni uchovu. Alivaa barakoa, akaenda kupimwa. Ilikuwa korona.

Siku hiyo hiyo fundi alipimwa pia, hakuonekana nayo. Alihamia chumba cha cherehani, dirisha wazi. Chakula aliletewa na dada mpaka barazani. Siku ya tatu koo likaanza kumwasha.

"Kidogo tu," alimwambia dada kupitia dirishani. "Labda ni vumbi la vitambaa. Niletee dawa ya mafua dukani."

"Sileti. Nesi alisema nini?"

Fundi alikuna kichwa. Nesi alikuwa amesema kwamba dawa nyingine, hata za korona zenyewe, hugombana na dawa za figo. Asimeze chochote kabla ya kuwauliza, na asingoje kuzidiwa.

Akapiga simu. Saa mbili baadaye alikuwa kliniki, amepimwa, ameonekana na korona. Daktari alichagua dawa inayopatana na zake, akarekebisha kiasi cha nyingine kwa muda, na kumfuatilia kila siku. Fundi alipata homa kwa siku nne. Hakukosa pumzi. Siku ya kumi na mbili alikuwa amekaa kitandani akilalamika kwamba mkewe, aliyekwisha kupona, ameshona upindo wa suruali ya mtu kama barabara ya milimani.

Lakini swali moja lilibaki: je, korona imeigusa figo? Damu ilichukuliwa. Majibu yangetoka Jumatano.

Jumatano dada alikuwa juu ya ngazi, anachomelea geti la ghala. Simu ililia. Alizima mashine, akavua kinyago chake cha chuma.

"Dada," fundi alisema, "daktari amesoma majibu. Inafanya kazi vizuri. Korona haikuigusa."

Dada alishuka vipandio viwili, akakaa pale pale kwenye ngazi, akajifuta uso kwa glovu nyeusi mpaka mashavu yakajaa masizi.

"Vipi, kuna msiba?" mwenzake aliuliza kutoka chini.

"Hapana," alisema dada, akicheka na kuvuta kamasi. "Ni nzima. Nishikie ngazi nimalize geti, leo naondoka mapema."